Kanga isiyo na jina: Rothko sebuleni kwangu

Mama yangu alivyotua hapa Houston mwaka jana, kitu cha kwanza baada ya kuswali na kunywa chai alikaa kwenye kochi, akaitazama picha iliyo mbele yake, akaitazama weee, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hii kanga mbona haina jina?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Maana nilishajiandaa na maswali yote ambayo wageni wangu Wabongo huwa wananiuliza, lile la "huyu mchoraji hakumaliza?" na lile la "shilingi ngapi hii?" na lile la "mbona hata mwanangu wa chekechea anachora hivi", majibu yake ninayo mfukoni. La kanga sikulitegemea. Na kadri nilivyozidi kulifikiria nikaona bi mkubwa wa Tanga ambaye hajawahi kukanyaga jumba la sanaa kapiga palepale, kuliko hata yale maelezo niliyoyasoma usiku kucha kwenye simu.

Picha yenyewe inaitwa No. 14, 1960, ya mchoraji Mark Rothko, ya kwangu ni printi bila shaka, yaani nakala ya kuchapwa, ile halisi iko kwenye jumba la sanaa la San Francisco. Juu kuna pande kubwa la rangi ya chungwa lililoiva sana linaloelekea kwenye wekundu, chini yake pande dogo la bluu nzito kama saa tatu ya usiku, na yote mawili yameelea juu ya zambarau iliyochanganyika na kahawia ambayo inazunguka pembeni kote. Sasa hiyo si kanga? Pindo limezunguka, mji uko katikati, na pale chini ambapo mwenye kanga anategemea kukuta maneno ya kumsema jirani, hamna kitu.

Naandika haya kwa sababu kila nikiweka picha ya sebule watu wananiuliza nimenunua wapi na wao waagize. Jamani msiagize kwanza. Mi nimeliwa hela hapa, ngoja niwape stori yote.

Ilianzaje. Nilikuja huku kubeba boksi kama wengi wetu, na kazi niliyopata ilikuwa ya kumwangalia mzee mmoja kule Montrose, mtaa wa hapahapa Houston, zamu yangu inaisha mchana, basi la kurudi linachukua muda wake, na jua la Houston mwezi wa nane mnalijua wenyewe mliopo, lile la Dar lina upepo wa bahari angalau. Siku moja nikaona watu wanaingia kwenye jengo la matofali, kwa nje halina dirisha hata moja, kuingia bure, na ndani kuna kiyoyozi. Nami huyo. Sikufuata sanaa, nilifuata ubaridi.

Ndo ilikuwa Rothko Chapel, nyumba ndogo ya ibada yenye picha za huyohuyo Rothko. Ukiingia unakuta chumba cha pembe nane, mabenchi katikati, na ukutani picha 14 kubwa kupita kiasi, nyeusi. Hivo ndo nilivyoona, nyeusi tupu, nikadhani wako kwenye ukarabati wameziba kuta kwa mbao. Nikakaa tu nipoe. Basi baada ya kama dakika kumi hivi macho yakaanza kuzoea na ile nyeusi ikaanza kufunguka, hapa zambarau, pale kama damu ya mzee iliyokauka, na mwanga unaingia kutoka juu darini kwa hiyo wingu likipita na picha nazo zinabadilika, yaani unaona kabisa kitu kinazama halafu kinarudi. Nilikosa basi mbili.

Nilivyofika nyumbani nikaanza kumsoma huyu mtu. Kumbe naye ni mtu wa kuja kama sisi. Kazaliwa 1903 mji wa Dvinsk, siku hizo ni himaya ya Urusi, leo ni Latvia na mji unaitwa Daugavpils, familia ya Kiyahudi, jina lake Markus Rothkowitz. Mwaka 1913 akaletwa Portland, Oregon, anakaribia miaka kumi, Kiingereza hajui, baba yake akafariki muda mfupi tu baada ya hapo na mtoto akaingia mtaani kuuza magazeti. Jina alilifupisha alivyokuwa mkubwa. Mwanzoni alikuwa anachora watu, stesheni za treni za chini ya ardhi, baadaye mambo ya miungu ya kale, na picha zake zilikuwa na majina ya maana kabisa. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wakaanza kupotea kwenye picha, yakabaki mawingu ya rangi, na majina nayo yakapotea, akawa anaziita kwa namba au kwa rangi zake tu. Ukimuuliza maana yake nini anakunyima. Kwa hiyo ile "kanga haina jina" ya mama si utani, jamaa alilitoa jina kwa makusudi kabisa, hakutaka usome maneno kabla hujaangalia mji.

Alifariki Februari 1970, alijitoa uhai mwenyewe, na hiyo chapel ilifunguliwa 1971 hajaiona. Bei zake sasa hivi usiulize, Orange, Red, Yellow ya 1961 iliuzwa New York 2012 kwa dola milioni 86.9. Kwa hiyo mi na wewe tunaongelea printi.

Haya, printi ya kwanza. Niliiona onlaini, dola 34 na usafirishaji juu yao, kwenye simu inawaka kama makaa ya jioni, nikaagiza hapohapo nikiwa kitandani. Ikaja kwenye mrija wa boksi, nikaifungua chini sakafuni nikaweka vikombe kwenye kona isijikunje. Loh. Chungwa limekuwa la Fanta. Bluu imekuwa lami, huoni bluu wala nini, mstari mweusi tu. Na ile zambarau ya kuzunguka ilikuwa juu na chini tu, pembeni kulia na kushoto karibu haipo, pande la chungwa limegusa ukingo wa karatasi kama mtu aliyesimamishwa ukutani apigwe picha ya pasipoti.

Nilidhani tatizo ni macho yangu. Nikatafuta vipimo vya picha halisi, inakaribia sentimita 290 kwenda juu na 268 kwenda pembeni. Nikachukua kalkuleta ya simu: 290 gawanya kwa 268 unapata 1.08, yaani karibu mraba. Printi yangu ilikuwa inchi 30 kwa 24, ambayo ni 1.25. Ndo nikaelewa. Wale wauzaji wana fremu za saizi zao zilizozoeleka, kwa hiyo picha yoyote ile, ya nani sijui, ya lini sijui, wanaikata ienee kwenye fremu. Kwangu mimi wamekata mapindo. Picha ya farasi ukiikata pembeni farasi bado yupo. Lakini picha ya namna hii haina farasi, ule ukingo mwembamba unaozunguka ndo unaofanya yale mapande yaonekane yameelea, ukiukata unabaki na vibao viwili vya rangi vilivyokaa kimoja juu ya kingine, kama sampuli za duka la rangi. Muulize mwanamke yeyote wa pwani ukimkatia kanga mapindo utakuwa umempa nini. Kitambaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda soma huu tu: tafuta vipimo vya picha halisi, gawanya urefu kwa upana, halafu fanya hivohivo kwa printi unayotaka kununua. Namba zisipokaribiana achana nayo, labda kama wameacha nafasi nyeupe kuzunguka, hiyo safi, ina maana hawajagusa picha.

Kuhusu rangi yenyewe hilo ni gumu zaidi na si kila muuzaji ni tapeli. Simu yako inatengeneza rangi kwa taa, nyekundu, kijani na bluu, inakupigia mwanga machoni. Karatasi haina taa. Mashine ya kawaida ya kuchapa ina wino wa aina 4, sayani, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi ambazo kwa huo mchanganyiko hazifikiki hata ufanyeje, na chungwa kali ni mojawapo, bluu za ndani sana nazo ni hivohivo. Bahati yangu nilichagua picha yenye zote mbili, ndo akili zangu. Zile mashine za wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi, zenye rangi nane, kumi, kumi na mbili zinafika mbali zaidi. Na lile neno la mbwembwe mtakaloliona kwenye matangazo, jiklee (wanaandika giclée), msilipie hela kwa sababu ya neno, lilitungwa 1991 na mchapaji mmoja wa California, Jack Duganne, kalitoa kwenye Kifaransa cha kunyunyiza, maana yake ni printa ya kunyunyiza wino basi. Uliza wino ni wa pigmenti au wa dai (dye, rangi iliyoyeyushwa), uliza karatasi ni ya pamba au ya kawaida. Asiyejua kujibu hayo mawili asikuuzie.

Na hata ikichapwa na malaika kuna kitu hakitokuja. Rothko alikuwa anapaka rangi nyembamba mno, maji maji, tabaka juu ya tabaka, anachanganya na mayai, na ulimbo, na gundi ya ngozi ya sungura, kila tabaka unaona la chini yake linapumua. Mwanga unaingia ndani ya rangi unarudi. Printi ni tabaka moja, limekaa juu ya karatasi, likishamaliza kusema limemaliza. Mi nimekubali, sijidanganyi kwamba nina Rothko ndani. Nina picha ya mtu nimpendaye aliyeko mbali, hivo tu, na picha ya mtu nayo ina nzuri na mbaya.

Ya pili nilinunua kwenye duka la jumba la sanaa, ghali mara tatu zaidi. Ukiangalia chini kabisa kwenye ule weupe kuna mstari wa maandishi madogo wenye majina ya watoto wake, Kate na Christopher, maana haki bado ni za familia. Ile ya kwanza haikuwa na mstari huo, wala sikuwa najua kama natakiwa kuutafuta. Karatasi yake haing'ai, imekaa kama karatasi ya Kurani za zamani, ukipitisha kidole unasikia unyoya. Nashauri hiyo. Ya kung'aa utajiona wewe mwenyewe ndani na nguo zako za kulalia. Kioo cha kawaida kwenye fremu nacho ni hivohivo, kama hela ipo weka kile kisichoakisi, kama haipo bora uning'inize bila kioo uvumilie vumbi. Yeye mwenyewe picha zake hakuziwekea fremu, alipaka mpaka ubavuni mwa kanvasi. Na wale wanaouza kanvasi iliyomwagiwa jeli juu ili ionekane ina mikwaruzo ya brashi, jamani, huyu mtu alipaka kama chai ya rangi, hiyo mikwaruzo mmeitoa wapi?

Kuna jambo moja nililifanya la ujinga. Niliiweka kwanza karibu na meza ya kula, ukuta ulikuwa wazi. Halafu ndo nikasoma kisa chake cha mgahawa. Mwaka 1958 alipewa kazi ya kuchora picha za kupamba mgahawa wa matajiri, Four Seasons, ndani ya jengo la Seagram New York, akazichora nyingi, nyekundu za damu ya mzee, akaja akaenda kula pale na mke wake, akatoka amekasirika akasema hapana, akarudisha hela. Tisa kati ya hizo ziko London, jumba la sanaa la Tate, alizitoa zawadi, na zilifika siku ileile aliyokufa. Nikatazama sahani yangu ya wali maharage na picha ya marehemu juu yake nikasema basi yaishe, nikaihamishia sebuleni.

Kuning'iniza. Hapa ndo pana utamu na ndo pale watu wengi tunaharibu, maana sisi kwetu picha inawekwa juu karibu na dari, sijui tunaogopa itaibiwa, babu na bibi wote wanakutazama kutoka kwenye buibui. Mwaka 1961 Rothko alifanya maonesho London kwenye jumba la sanaa la Whitechapel akaandika maelekezo ya namna ya kuziweka, na mi nimeyafanya ndo sheria za nyumba yangu. Alisema kuta zisiwe nyeupe pe, ziwe nyeupe iliyochafuliwa na kahawia na wekundu kidogo, kwa sababu nyeupe kali inapigana na picha. Alisema zikae chini, karibu kabisa na sakafu, kama sentimita 15 tu kutoka chini. Na taa isiwe kali. Alikuwa anapenda pia mtu asogee, kama sentimita 45 hivi kutoka kwenye picha, yaani pua karibu iguse, ili rangi ikumeze. Kwa printi ya inchi 24 huwezi kumezwa, labda umezwe kichwa peke yake, lakini ile ya kuishusha inafanya kazi. Ya kwangu ncha ya chini iko usawa wa mkono wa kochi. Ukikaa inakuwa mbele ya uso wako, ukisimama unaiangalia kutokea juu kama unachungulia kisima. Ukuta ni wa krimu, mwenye nyumba haruhusu kupaka, kwa mara ya kwanza sheria zake zimenifaa.

Sasa taa. Mi nilikuwa sijui kabisa kwamba balbu zina namba. Angalia boksi la balbu lako, kuna namba inaishia na K, ya kelvini. Sebuleni kulikuwa na 5000, ile taa nyeupe ya hospitali, usiku picha yangu chungwa lilikuwa linakufa linakuwa kama tofali. Nikanunua 2700, ile ya manjano ya hotelini, chungwa likafufuka likawa linatoa joto kabisa, lakini bluu ikarudi kuwa lami. Wiki nzima napanda na kushuka kwenye stuli nabadilisha balbu kama fundi wa tanesko. Nimeishia 3000, na ile namba nyingine ya CRI iwe 90 kwenda juu, hiyo ndo inayokwambia balbu inaonesha rangi kwa uaminifu kiasi gani, na balbu za bei poa nyingi hazifiki. Moja tu, imeelekezwa ukutani pembeni, si juu ya picha.

Usinicheke, mwenyewe mwenye picha alihangaika na mwanga kuliko mimi. Alivyokuwa anazichora zile za chapel studio yake ilikuwa New York, alining'iniza parachuti chini ya dirisha la darini ili aweze kupunguza na kuongeza mwanga. Halafu picha zikaletwa Texas ambako jua ni lingine kabisa, limeshuka wima kutoka darini likazipiga, wakaweka kitambaa, haikutosha, wakaweka kizuizi kikubwa chini ya dirisha, chumba kikawa giza, miaka na miaka, mpaka wakaja kubadilisha dirisha lote na kufungua upya 2020. Karibu miaka hamsini ya kutafuta balbu.

Na jua si mchezo kwa wino. Ile printi ya kwanza niliona nisiitupe, nikaibandika kwenye korido mkabala na dirisha la magharibi. Kiangazi kimoja tu. Ile Fanta imegeuka kama chungwa lililomenywa likasahaulika juani, imepauka upande mmoja, ule uliokuwa nyuma ya mlango bado mkali. Nilikasirika mpaka nikasoma yaliyowakuta Harvard, nikapoa. Rothko aliwachorea picha kubwa wakaziweka 1964 kwenye chumba cha kulia, ghorofa ya juu, madirisha makubwa. Alitumia wekundu fulani unaoitwa lithol ambao hauvumilii jua, na wao mapazia hawakuyajali, kufikia 1979 zilikuwa zimebadilika rangi kiasi cha kuondolewa na kufungiwa stoo. Mwaka 2014 wakazitoa tena, na badala ya kuzipaka rangi upya wakatengeneza mwanga wa projekta, nukta kwa nukta, unaopigwa juu ya picha kurudisha rangi iliyopotea. Kila siku saa kumi jioni walikuwa wanaizima, na watu wanaona mbele ya macho yao picha inazeeka. Hao ni Harvard. Mi nilitumia selotepu na korido.

Turudi kwa mama. Alikaa miezi mitatu. Wiki ya kwanza kila asubuhi alikuwa ananipa jina la kanga analoona linaifaa, tena yale ya mipasho mitupu, nikamwambia mama huyu mzee hakuwa na ugomvi na mtu, akanambia hakuna mtu asiye na ugomvi na mtu. Nikawa namwonesha na picha nyingine kwenye simu. Barnett Newman hakumpenda, rangi nyekundu mita tano na mistari, akasema huyo kapima ukuta. Ila Helen Frankenthaler alimshika. Nikamwonesha Mountains and Sea ya 1952, dada wa miaka 23 kamwaga rangi iliyozimuliwa juu ya kanvasi mbichi iliyotandikwa chini, ikanywea ndani ya kitambaa. Mama ujana wake alikuwa anatengeneza batiki za kuuza. Akavuta simu karibu, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Huyu hakupaka, huyu kachovya. Ona pale mafuta yalivyokimbia maji." Na ni kweli kuna pete ya mafuta imezunguka rangi, mi nimeiangalia hiyo picha mara ngapi sijawahi kuiona.

Kwa anayetaka printi nafikiri Frankenthaler ni chaguo bora kuliko Rothko kama hujali sana jina la kutambia, maana rangi yake imeshaingia kwenye kitambaa tangu mwanzo, ikija kwenye karatasi ya pamba haipotezi sana. Halafu yeye alipenda kuchapa, alifanya printi za mbao mwenyewe na mafundi, ile Madame Butterfly ya 2000 ina rangi 102 kutoka vibao 46. Hizo ni printi za kweli, kazi yenyewe ndo hiyo karatasi, si picha ya picha, na bei yake pia si ya kitoto.

Nikampeleka chapel. Walikuwa wamefungua tena Desemba 2024 baada ya kile kimbunga cha Beryl, maji yaliingia darini na baadhi ya picha yakazigusa. Pale mlangoni wameweka vitabu vya dini zote, mama akaiona Kurani akafurahi, akaniuliza kibla kiko wapi nikatafuta kwenye simu. Akakaa kwenye benchi na ushungi wake na pochi mapajani. Mi nilikuwa namwibia jicho, nasubiri aseme anataka kwenda. Dakika tano, kumi, ishirini. Kuna mzungu alikuwa amelala chali sakafuni, mama akamtazama akamwacha. Halafu akaniinamia akanong'ona, "Kumbe si nyeusi."

Basi. Kwenye gari alizungumzia bei ya samaki.

Siku ya kuondoka akaniomba ile printi iliyopauka, nilikuwa nimeikunja nyuma ya kabati. Nikamwambia mama hiyo mbovu, imekatwa mapindo na imepigwa na jua, nikununulie nzuri. Akasema mbovu ndo ya kusafiri nayo, ikiibiwa haiumizi. Akaiingiza kwenye begi katikati ya mataulo.

Wiki mbili baadaye akanitumia picha WhatsApp. Sebule yetu Tanga, ukuta wa kijani, imewekewa fremu ya mninga iliyotengenezwa na fundi wa mtaani, katikati ya Alkaaba na kalenda ya benki, juu kabisa usawa wa feni, na ile taa ndefu nyeupe inaipiga moja kwa moja. Na chini, pale kwenye bluu iliyokuwa lami, kaandika jina kwa rangi nyeupe, herufi kubwa zilizonyooka kama za kiwandani: NYAMAZA UTANIONA.

Nimemwambia angalau aishushe kidogo. Kagoma.